Michniów nayo itajwe

Mhariri,

Nashukuru kwa makala zenu kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia nchini Poland. Hata hivyo, zimeishia Warsaw na kambi ya Auschwitz, ilhali mamia ya vijiji vya nchi hiyo viliangamizwa kwa moto na risasi. Naomba nafasi nikitaje kimoja.

Kijiji cha Michniów kipo katika vilima vya Świętokrzyskie, kando ya msitu mkubwa, si mbali na mji wa Suchedniów na reli iendayo Kielce. Mahali hapo ndipo palipokiponza. Msitu uliwaficha wapiganaji wa Jan Piwnik, kamanda wa jeshi la siri aliyejulikana kwa jina la Ponury, ambao kambi yao ilikuwa Wykus, nao wanakijiji wakawasaidia ingawa walijua vyema adhabu ya kufanya hivyo.

Alfajiri ya tarehe 12 Julai 1943, polisi wa Kijerumani walikizingira kijiji, wakawafungia wanaume wengi ndani ya maghala ya nafaka na kuwateketeza. Usiku ule wapiganaji walishambulia treni ya Wajerumani kulipiza kisasi. Kesho yake wauaji wakarudi, na safari hii hawakumwacha mwanamke wala mtoto waliyemkuta. Waliuawa watu 204: wanaume 102, wanawake 54 na watoto 48, mdogo kuliko wote akiwa na umri wa siku 9. Nyumba zilichomwa, na ikapigwa marufuku kujenga upya na hata kulima ardhi ile.

Msomaji anaweza kushawishika kuwalaumu wapiganaji kwa shambulio la treni. Mimi siafiki kabisa, kwa kuwa mauaji ya siku ya kwanza yalitangulia shambulio hilo, na dhambi ya kumchoma mkulima ndani ya ghala ni ya aliyewasha moto.

Tangu 2017, Poland huiadhimisha tarehe 12 Julai kwa ajili ya vijiji vyake vyote vilivyoteswa, na mwaka 2021 lilifunguliwa Michniów jumba la kumbukumbu lenye umbo la nyumba ndefu ya kijijini, ambayo kadiri mtu anavyosonga mbele ndivyo kuta na paa lake vinavyozidi kukatikakatika. Naliomba gazeti lako, kila ifikapo tarehe hiyo, lichapishe habari za kijiji kimojawapo, pamoja na ramani yake.

Msomaji wako,
Morogoro