Mwalimu wa Kiingereza apewe kwanza mahali pa kukisema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu mjukuu wangu alipoanza Darasa la Kwanza katika shule ya serikali hapa Tanga. Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, watoto wa shule zinazofundisha kwa Kiswahili wanaanza somo la Kiingereza Darasa la Kwanza, na si Darasa la Tatu kama ilivyokuwa kwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Majirani zangu wa Ngamiani wamelipokea badiliko hili kwa furaha, nami sina ugomvi nalo. Ila sisi wa zamani tunakumbuka kuwa kabla ya mageuzi ya 2015 somo hili lilianzia Darasa la Kwanza vilevile. Umri wa kuanza umepelekwa mbele ukarudishwa nyuma, na katika safari yote hiyo ni mara chache mno mwalimu ameulizwa yeye mwenyewe anakisemea wapi Kiingereza anachotakiwa kukifundisha.

Nilifundisha Kiingereza katika shule za msingi za mkoa huu kwa miaka 29. Nilitoka chuoni na cheti cha Daraja la A, kanuni za sarufi nimezikariri zote, lakini sikuwahi kuketi na mtu nikazungumza naye Kiingereza kwa dakika kumi mfululizo. Nilifanya walivyofanya wenzangu: naandika sentensi ubaoni, naisoma, watoto wanaiitikia kwa pamoja, kisha wanainakili. Watoto 90 wakiitikia kwa sauti moja hupendeza kusikia, na anayepita nje huona kazi inakwenda, lakini ndani ya sauti ile wamo wengi wasiotamka lolote, na mwalimu hana namna ya kuwatambua. Mtoto akiniuliza jambo lisilokuwamo kitabuni nilimwambia akae, kwa sababu niliogopa kukosea mbele yake. Naliandika hili kwa uchungu, maana najua hofu yangu ndiyo iliyokuwa somo la kwanza waliloondoka nalo watoto wale.

Hofu hiyo hiyo ndiyo inayozaa vibao. Ziko shule ambazo mtoto akisikika anasema Kiswahili huvishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka atakapomnasa mwenzake. Nimewaona watoto waliochagua kunyamaza kutwa nzima ili wasivishwe. Mtoto aliyenyamaza hajifunzi Kiingereza wala lugha nyingine yoyote, na anajifunza kuionea haya lugha ya mama yake. Adhabu hii ikomeshwe, na wazazi tunaoishangilia tuache.

Wapo watakaosema dawa ni vitabu. Vitabu vinahitajika, tena sana, lakini tumekwisha kulipitia jambo hili. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii na kukuta wengi wa sekondari hawawezi kukitumia kujifunzia masomo mengine. Baada ya ripoti yao ulikuja mradi wa fedha za Uingereza, uliopeleka katika sekondari vitabu vyepesi vya hadithi kwa wingi. Ulikuwa msaada mwema. Lakini mtoto anayefika Kidato cha Kwanza hajawahi kuulizwa swali akalijibu kwa maneno yake mwenyewe amekwisha kuchelewa, na aliyetakiwa kumuuliza ni mwalimu wa shule ya msingi.

Niliyojifunza kuhusu dawa niliyapata mwishoni mwa kazi yangu. Walimu tisa wa shule tatu jirani tulikubaliana kukutana kila Jumatano saa tisa alasiri chini ya mkungu, tuzungumze Kiingereza kwa saa moja. Hapakuwa na posho wala mgeni rasmi. Wiki za kwanza zilikuwa nzito, watu wanatazama chini. Kisha dada mmoja akaanza kueleza anavyopika samaki wa nazi, akakwama kwenye neno, akalisema kwa Kiswahili na kuendelea, na hakuna aliyemkosoa. Tangu siku hiyo midomo ikafunguka. Tulisimuliana safari, tukabishana juu ya bei za sokoni, tukasomeana hadithi za watoto kwa sauti huku tukisahihishana matamshi kwa upole. Kabla ya mwaka kwisha, mwalimu aliyekuwa akifundisha somo hili lote kwa Kiswahili alianza kuwaagiza watoto wake kwa Kiingereza wafungue madirisha, wagawe madaftari, wahesabu waliofika. Ni mambo madogo, lakini mtoto alikuwa ameanza kuisikia lugha ikifanya kazi.

Hapo ndipo tulipogundua pia hazina aliyonayo mtoto wa pwani. Sauti ya «th» ya Kiingereza, inayowasumbua watu wa mataifa mengi, mtoto wa Tanga anayo tayari katika thelathini na thamani, na sauti ya pili inayoandikwa kwa herufi hizo hizo anayo katika dhahabu na fedha. Anayo maneno pia: stesheni, tiketi, injini, shati, kabati, yote yamekuja kwetu kutoka Kiingereza, tukayaongezea irabu mwishoni ili yakae vizuri mdomoni. Mwalimu akimwonyesha mtoto irabu ya kuondoa, mtoto huona kuwa hakuja darasani mikono mitupu. Kiswahili ndicho kilichotufungulia mlango huo, na simwelewi mtu anayetaka kifukuzwe darasani kwa jina la Kiingereza.

Serikali ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao unawataka walimu wakutane shuleni na katika vituo vya walimu wajifunze wao kwa wao. Ombi langu kwa halmashauri zetu ni kwamba mkutano mmoja kati ya hiyo kila wiki uwe wa walimu wa Kiingereza kuzungumza Kiingereza, si kujaza fomu, na saa hiyo ihesabiwe kuwa kazi, asipangiwe mwalimu zamu nyingine. Kwa upande wa Baraza la Mitihani, mtihani wa Kiingereza wa kumaliza shule ya msingi umekuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua jibu na kusiliba herufi. Mtoto anaweza kufaulu bila kufungua kinywa, na mwalimu mwenye busara hufundisha kinachotahiniwa. Alama chache za mazungumzo, zitolewe na mwalimu darasani ndani ya mwaka, zingebadili mengi.

Vijana wetu wanaitazama bandari, wanaitazama Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na wanajua kuwa usaili wa kazi nyingi za huko ni kwa Kiingereza. Baadhi yao niliwafundisha mimi, kwa ile namna niliyoieleza hapo juu.

Kituo cha walimu katika kata ninayoishi kina chumba kizuri chenye viti na ubao, na kila Jumatano alasiri nakikuta kimefungwa. Namwomba Afisa Elimu Kata atukabidhi ufunguo. Nimestaafu, lakini niko tayari kufika kila wiki kukaa na walimu wale vijana, na ninao wenzangu wawili walioniahidi kuja.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.