Kiti cha Fort Hall kimesahauliwa

Mhariri,

Kila Madaraka Dei ikikaribia, magazeti husimulia safari ya Mzee Jomo Kenyatta kwa kuruka. Agosti 1961 ametoka kizuizini, mara yuko Lancaster House, London, mwaka 1962 akijadili katiba. Waulize wanafunzi wetu hapa Murang'a aliingia lini Baraza la Kutunga Sheria, watakujibu 1963, kupitia Gatundu. Sivyo. Aliingia Januari 1962 kwa uchaguzi mdogo wa Fort Hall, jina la zamani la Murang'a, yaani hapa hapa kwetu.

Chama chake cha KANU kilishinda uchaguzi wa Februari 1961 kwa viti 19 dhidi ya 11 vya chama pinzani cha KADU, kikakataa kuunda serikali Mzee akiwa bado kizuizini. Alipoachiliwa, hata baada ya kukabidhiwa uongozi wa chama Oktoba, hakuwa na kiti. Sheria ya mkoloni iliwazuia waliowahi kufungwa zaidi ya miaka 2, naye alihukumiwa 7 kule Kapenguria mwaka 1953. Sheria ilipolegezwa, ikabaki mtu akubali kumpisha.

Aliyempisha ni Kariuki Njiiri, na hapa ndipo ningeomba waandishi wenu watulie. Huyu ni mwana wa Chifu Njiiri wa Karanja, aliyesimama waziwazi na serikali ya kikoloni wakati wa Mau Mau. Vidonda kati ya familia za homugadi, askari wa kienyeji wa mkoloni, na za waliokwenda msituni kupigana vilikuwa vibichi. Mwana wa nyumba hiyo ndiye aliyemwachia kiti mtu ambaye Gavana Renison, mwaka 1960, alimwita kiongozi wa kupeleka watu gizani na kifoni! Hakuna aliyejitokeza kushindana na Mzee. Alipita bila kupingwa, wapiga kura wasipate hata kupanga foleni, na kufikia Aprili alikuwa waziri katika serikali ya mseto.

Tena Mzee hakuwa wa Fort Hall, kwao ni Kiambu. Siku hizi mgombea akivuka mto mmoja tu anaambiwa arudi kwao.

Naomba Madaraka ijayo mwandike habari za kiti hicho kwa ukamilifu, na Kariuki Njiiri atajwe kwa jina. Wapo wazee Kigumo na Kangema waliopiga kura ya 1961. Watumieni mwandishi awasikilize wangali hai.

Mwalimu mstaafu,
Murang'a