Stiki za kuwapa mashabiki Jumamosi

Habari za leo wapiga dramu wenzangu. Onyesho la Jumamosi liko palepale Kinondoni, tukutane saa 10 jioni kukagua vyombo. Mashabiki wanaoomba stiki (vijiti vya kupigia dramu) za kumbukumbu wamekuwa wengi, na wanastahili kitu kizuri, kwa hiyo tujipange:

1. Kila mmoja alete jozi 3 zilizochakaa. Zilizoliwa shingoni na ukingo wa hai-hati (zile sahani mbili za chuma zinazogongana) ndizo zinazopendwa, zina alama za kazi. Iliyopasuka kwa urefu usilete, vibanzi vyake vinachoma mkono. Pale utakaposaini, kwaruza kidogo kwa msasa laini, futa vumbi, andika kwa kalamu ya wino usiofutika, acha ikauke. Ukisaini juu ya jasho au vanishi inayong'aa, wino unahamia kwenye vidole vya shabiki kabla hajafika nyumbani.

2. Ngozi kuukuu za snea (dramu ndogo yenye mlio mkali), zile nyeupe zenye mkwaruzo, msizitupe. Zinashika wino vizuri kuliko stiki.

3. Tafadhalini sana, hakuna kurusha stiki. Gizani mtu haioni ikija, na ncha inaweza kuumiza jicho. Mkabidhi mkononi baada ya wimbo wa mwisho, watoto kwanza. Jozi zako 2 za kupigia zisiguswe.

4. Kalamu na msasa: Sh 2,000 kila mmoja, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku.

Naomba kila mtu ajibu hapa leo: "Nipo", na idadi ya jozi anazoleta. Asanteni sana.