Mvua ya Marangu, vitu vikae vikavu
Wadau habari zenu, tunapanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu masika hii hii kwahiyo naomba tusikilizane, kipande cha getini mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, ni msitu mtupu na mvua ya kule ikianza inaweza kushinda siku nzima. Kava la begi peke yake halitoshi jamani, maji yanapenya upande wa mgongoni kwenye mikanda yanashuka mpaka chini kabisa, na chini ndo wengi tunaweka slipingi begi. Chukueni ile mifuko myeusi ya taka, ile minene, tanguliza ndani ya begi kwanza halafu ndo upange vitu humo, toa hewa, sokota mdomo, ukunje ufunge na raba. Nguo za kulalia ziwe na mfuko wake na HAZIGUSWI mpaka uko ndani ya kibanda, hata kama umelowa chapachapa, maana Horombo, kituo cha pili, ni mita 3,720 na baridi ya usiku pale sio ya kuchezea. Jinzi acheni nyumbani tafadhali, ikilowa haikauki. Simu na pawabenki kwenye mfuko wa zipu. Ambaye hana koti la mvua aniambie leo, tutapita soko la Memorial pale Moshi tuchague la mtumba.