Marumaru nyeupe tunaiua wenyewe kwa ndimu na dawa ya choo

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi habari za kazi. Mimi ni fundi wa tailizi na mawe hapa Dodoma, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo mafundi tunaliongea kila siku saiti ila mwenye nyumba halisikii mpaka hela yake ishaenda.

Tangu serikali ihamie huku mji unajengwa usiku na mchana, pita Ilazo, Kisasa, Iyumbu, Njedengwa mpaka kule Mtumba utaona mwenyewe, na fasheni iliyoingia sasa ni marumaru nyeupe. Siongelei tailizi za Mkuranga na Chalinze zilizochapwa picha ya marumaru, zile ziko poa kwa kazi yake. Naongelea jiwe lenyewe, lililochimbwa mlimani likachanwa mapande mapana, lina mistari ya kijivu, na muuzaji anakuapia kabisa kwamba hii ni Carrara ya Italia.

Jiwe lenyewe sina ugomvi nalo. Hilo hilo la Carrara ndilo Michelangelo alilochongea sanamu ya Daudi kati ya 1501 na 1504 na mpaka leo watu wanapanga foleni kuiona, na Taj Mahal kule India imevalishwa marumaru nyeupe ya Makrana. Halafu kwa joto letu la Oktoba na Novemba, aisee, sakafu ya kutembea peku ni hiyo. Ugomvi wangu ni wapi tunaiweka na tunaiosha na nini.

Iko hivi. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na joto na kugandamizwa chini ya ardhi mpaka yakageuka, na chokaa na asidi haviivi chungu kimoja. Ndimu, siki, ukwaju, soda, nyanya, hata mvinyo wetu wa zabibu ambao tunajivunia hapa Dodoma, kikidondoka juu ya marumaru iliyopigwa polishi hakichukui muda kinaacha alama imefifia kama ukungu. Mwenye nyumba anadhani ni doa, anasugua, anaongeza sabuni, anasugua tena. Wala si doa, ni jiwe limelika pale juu. Sasa mtu ana kaunta ya jikoni ya marumaru nyeupe na nyumba nzima wanakula kachumbari na samaki wa ndimu kila wiki, unategemea nini? Baada ya muda mfupi fundi anapigiwa simu anaitwa tapeli.

Na hapa wauzaji wengi wanadanganya, nalisema wazi. Wanakwambia mzigo umeshapigwa sila, yaani dawa ya kuziba vitundu vya jiwe, hauna shida yoyote. Sila inasaidia mafuta na chai visinyonywe haraka ndani ya jiwe, basi. Haizuii asidi kula uso wa jiwe. Hayo ni mambo mawili tofauti na muuzaji anayajua vizuri sana.

Kingine ambacho ni cha kwetu kabisa ni maji. Maji ya Dodoma kila mtu anayajua, yawe ya bomba kutoka visima vya Makutupora au ya kisima cha mtaani, birika lako likikaa kidogo lina gamba jeupe ndani. Gamba hilo hilo linaganda kwenye bomba, kwenye sinki na kwenye ukuta wa bafu. Dada wa kazi akiliona anafanya alichofundishwa, anachukua ile dawa kali ya kung'arishia vyoo anamwaga. Kwenye tailizi sawa, gamba linatoka. Kwenye marumaru gamba linatoka na jiwe linatoka nalo, maana vyote viwili ni ukoo mmoja, asidi haichagui. Nimeona bafu la hoteli moja hapa mjini limekuwa na mabaka mpaka wageni wanadhani halijaoshwa, kumbe limeoshwa sana. Dada hana kosa, hakuna aliyemwambia.

Halafu vumbi. Mji wetu umekaa juu ya granaiti, vilima vyote hivi unavyoviona ni mawe hayo, na mchanga wake una kwatzi, chembe za madini magumu. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe kwatzi ni 7, marumaru ni kama 3 tu. Maana yake kila kiatu kinachoingia na mchanga kinapiga msasa sakafu yako taratibu. Kwa hiyo risepsheni ya ofisi ya watu wengi weka mkeka mrefu mlangoni, fagia vumbi kwanza kwa moppa kavu ndo udeki, na omba jiwe lisagwe uso wa kufifia badala ya ule wa kioo, mikwaruzo haitaonekana sana na mtu mwenye viatu vya soli laini hatateleza kirahisi likilowa.

Mimi ningekuwa najenga, marumaru nyeupe ningeiweka ukuta wa sebule nyuma ya TV, ukuta wa lobi, pembeni mwa ngazi, meza ya kona, huko inapendeza na hakuna anayekatia ndimu ukutani. Jikoni ningeweka granaiti, tena tuko kwenye nchi ya granaiti jamani. Wapo wanaosema basi niwekee lile jeupe la kiwandani la kwatzi na gundi. Haliliki na ndimu, kweli, ila sufuria ya moto ukiibandika juu gundi yake inaungua, na vumbi lake likikatwa kavu ni sumu kwenye mapafu ya fundi, Australia wamelipiga marufuku jiwe hilo tangu Julai 2024. Hata granaiti vumbi lake si la kuchezea. Mabosi wa saiti wanaotukatisha mawe kwa grinda bila maji na bila barakoa wanasoma gazeti hili, natumaini.

Kuhusu kubandika nigusie tu. Jiwe jeupe linapitisha rangi, ukitumia gundi ya kijivu baadaye unaiona kwa juu, tumia nyeupe. Zege la chini likauke kabisa, kwa sababu marumaru nyeupe nyingine zina chembe za chuma ndani na zikikaa na unyevu zinatoa njano ambayo huitoi kwa kusugua. Na ukutani ujue pande la unene wa milimita 20 lina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita moja ya mraba, usibandike kwa gundi ya kubahatisha halafu watoto wakae chini yake.

Unaponunua omba kipande kilichovunjika, dondoshea ndimu. Kikitoa povu ni marumaru au jiwe lingine la ukoo wa chokaa. Povu likiwa hafifu sana inaweza kuwa marumaru ya dolomaiti, yaani chokaa yenye magnesi ndani, na hiyo ni afadhali kidogo kwa asidi. Kisipofanya chochote angalia ubavuni, kama mistari iko juu tu na ndani ni udongo wa rangi moja, umeuziwa tailizi kwa bei ya jiwe.

Walioharibikiwa tayari wasikate tamaa, jiwe linasagwa upya kwa pedi za almasi na kupigwa polishi linarudi, tailizi iliyochapwa huwezi kuifanyia hivyo. Na vipande vinavyobaki yadi za mawe msivitupe, vikipondwa na kuchanganywa na simenti nyeupe ni terazo safi, zile sakafu za ofisi na shule za zamani ambazo mpaka leo zipo.

Ombi langu kwa maduka ni kwamba kwenye risiti muandike jina la jiwe na dawa isiyotakiwa kuligusa. Na ofisi zenye lobi za marumaru, mkataba wa usafi utaje kabisa sabuni isiyo na asidi, maana kampuni ya usafi ikibadilika na dawa inabadilika.

Fundi wa mawe na tailizi,
Nkuhungu, Dodoma