Barua ya wazi kwa Karani wa Bunge la Kaunti yetu: tunataka rekodi za wawakilishi wadi

Bwana Karani,

Kwa heshima inayostahili ofisi yako, tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta kwa mkono ziligongwa muhuri wa kupokelewa na hazikuzaa kitu. Juma lililopita jibu lilikuja hatimaye, sentensi moja tu: anayetaka kujua kazi ya mwakilishi wadi akamuulize mwakilishi mwenyewe.

Jibu hilo hatulikubali. Mwanafunzi hasahihishi mtihani wake. Daftari la mahudhurio liko kwako, Hansadi, yaani maandishi ya kila kinachosemwa ukumbini, iko kwako, kumbukumbu za kamati ziko kwako. Wawakilishi huja na kwenda kila baada ya miaka 5, na ofisi yako ndiyo inayobaki na karatasi. Na ni wewe, mbele ya wananchi, uliyeahidi mwanzoni mwa muhula huu kwamba kila mpiga kura ataweza kuona mwakilishi wake amefanya nini bila kumpigia mtu simu. Tunakukumbusha ahadi hiyo kwa sababu Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu, haiko mbali, na kampeni za mchujo wa vyama zitaanza mapema zaidi ya hapo.

Katiba ya Kenya imempa gavana mihula 2 na kumwekea kikomo hapo. Mwakilishi wadi hana kikomo. Aliyeingia Machi 4, 2013 akarudi Agosti 8, 2017 na tena Agosti 9, 2022 anaweza kuomba kura ya nne, na hakuna mahali popote katika kaunti hii ambapo mtu anaweza kusoma miaka hiyo yote kwa pamoja. Kwenye mkutano wa hadhara atasema alileta miswada, atasema aliipinga bajeti, atasema hakukosa kikao. Anayemsikiliza hana cha kulinganisha nacho.

Ofisi yako imewahi kudai kwamba hatuelewi tunachoomba, kwa hiyo tutakieleza kipande kwa kipande.

Kwanza ni rekodi ya uchaguzi. Tunajua kura si kazi ya ofisi yako, ni ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Lakini ukurasa wa mwakilishi usiosema aliingiaje bungeni una kasoro. Aliyechaguliwa na wadi na aliyeteuliwa kupitia orodha ya chama chini ya kifungu cha 177 cha Katiba wote huitwa waheshimiwa, na wote hupiga kura ukumbini. Wapo walioshindwa debeni mwaka mmoja, wakateuliwa mwaka mwingine, kisha wakachaguliwa. Hiyo ni mistari 3 tofauti, na kila mmoja unahitaji mwaka, chama au hadhi ya mgombea huru, na njia ya kuingia. Mgombea huru huhitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Tarehe aliyohama chama ina maana yake.

Idadi ya kura peke yake haitoshi. Chukua mfano wa hesabu tu: wadi yenye wapiga kura 14,000 waliosajiliwa, 9,000 wakajitokeza, kura 100 zikakataliwa, wagombea 10. Mshindi akipata 2,225, amepata asilimia 25 ya kura halali na chini ya asilimia 16 ya waliosajiliwa. Sheria inamtambua kikamilifu, maana mwakilishi wadi hahitaji nusu ya kura. Lakini atakaposema wadi nzima ilimtuma, watu wana haki ya kuona namba hizo 4: waliosajiliwa, waliopiga, kura halali, kura zake.

Namba hizo zinatoka kwenye fomu 36A ya kila kituo na fomu 36B ya wadi. Fomu 36A hubandikwa mlangoni pa kituo baada ya kuhesabu, na hapo ndipo watu wengi huzipiga picha. Anayetaka kuzijumlisha ajihadhari na mambo machache. Nakala ya mwisho ya kaboni huwa hafifu kiasi kwamba 1 na 7 hazitofautiani. Dawa ni kujumlisha kura za wagombea wote na kuona kama zinalingana na mstari wa kura halali chini ya ukurasa. Wagombea wakiwa wengi fomu huenda ukurasa wa pili, na picha nyingi zinazozunguka ni za ukurasa wa kwanza tu. Tena kuna anayejumlisha kura zilizokataliwa pamoja na halali, asilimia zote zikapinda.

Kulinganisha mwaka na mwaka kuna mtego wake. Mipaka ya wadi ni ileile ya mwaka 2012, kwa hiyo matokeo ya wadi ya 2013, 2017 na 2022 yanalinganishika. Vituo havilinganishiki. Sheria iliweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kituo, na nchi nzima vituo vikapanda kutoka 40,883 mwaka 2017 hadi 46,229 mwaka 2022. Shule iliyokuwa na chumba kimoja cha kupigia kura sasa inaweza kuwa na vitatu. Jumlisha vyumba vyote vya shule ile kwanza, ndipo ulinganishe, la sivyo utasema mwakilishi ameporomoka mahali ambapo kura zake zimegawanywa tu.

Na muda unatukimbia. Kanuni za uchaguzi zinataka hati za uchaguzi zitunzwe miaka 3 baada ya matokeo kutangazwa. Kwa uchaguzi wa 2022, miaka hiyo ilikwisha Agosti 2025. Kilichobaki mikononi mwa watu kisipokusanywa sasa kitapotea, na hilo linatuuma kuliko tunavyoweza kuandika.

Sasa mahudhurio, Bwana Karani, na hapa hakuna wa kumsukumia mzigo.

Kifungu cha 194 cha Katiba kinasema mwakilishi anayekosa vikao 8 bila ruhusa ya Spika ya maandishi, na asiwe na maelezo ya kuridhisha, kiti chake huwa wazi. Bunge letu hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Jumatano moja ni vikao 2. Vikao 8, kwa hiyo, ni majuma 2 tu ya kazi. Katika bunge lenye ratiba hiyo, rekodi ya mahudhurio ndiyo inayoamua kama kiti kina mwenyewe au la. Ikiwa hakuna anayeiona isipokuwa ofisi yako, basi kifungu hicho kimelazwa kabatini.

Daftari la mlangoni nalo halitoshi. Mwakilishi akishatia sahihi, kwa hesabu ya marupurupu amehudhuria, hata akitoka dakika hiyo hiyo kwa mlango wa pili. Tumeona kurasa ambazo sahihi zinajaa mpaka pambizoni, kisha Hansadi ya kikao hichohicho inaonyesha kengele ikipigwa kwa kukosa akidi, idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwemo. Akidi ni theluthi moja ya wajumbe wote. Sahihi zijae, ukumbi ukose theluthi? Sheria inapendelea ukumbi uwe na watu, si daftari. Njia ya kuirekebisha ni rahisi: andika majina ya waliomo ukumbini kila kengele ya akidi inapolia, na uyaweke pamoja na daftari. Kwa kamati, kumbukumbu tayari zina sehemu 3, waliokuwepo, waliotoa udhuru na wasiokuwepo. Tunaomba sehemu hizo tu, hata kama mjadala wa kamati una siri.

Ruhusa za Spika nazo ziwekwe, tarehe na idadi ya vikao, bila sababu za kiafya. Hatutaki kujua nani anaumwa nini. Bila hizo, aliyelazwa hospitalini na aliyekuwa shambani kwake wanaonekana sawa, na hilo ni kumwonea mgonjwa.

Kura ndiyo sehemu iliyooza zaidi. Karibu kila jambo kubwa hupitishwa kwa sauti: wanaosema ndiyo, wanaosema la, Spika anaamua nani ameshinda. Hansadi inabaki na mstari mmoja, hoja imekubaliwa. Hakuna jina. Siku ya pili wote walioiunga mkono wanaweza kusema waliipinga, na hakuna wa kuwasuta. Tunajua si wewe unayeitisha kura ya majina. Wajumbe wenyewe ndio husimama kuidai. Lakini pale inapofanyika, majina hayo ni ya umma, na ofisi yako imekuwa ikichapisha jumla peke yake.

Yaliyotokea Kericho yanaonyesha kwa nini majina yana uzito. Oktoba 2024 wajumbe 31 kati ya 47 walipiga kura ya kumwondoa gavana. Kinachotakiwa ni theluthi mbili; ya 47 ni 31.33, na huwezi kuwa na theluthi ya mjumbe. Seneti iliitupa hoja kwa kuwa kiwango hakikutimia. Ilipungua kura 1. Agosti 2025 hoja ilirudi, safari hii kwa kura ya kielektroniki, na Seneti ikajikuta inasikiliza ubishi wa nani hasa alipiga kura na nani hakupiga. Hoja ikaanguka tena. Wakazi wa kaunti ile walistahili orodha safi ya majina isiyo na ubishi. Sisi pia.

Kuhusu miswada, hoja na taarifa, tunaomba visichanganywe. Kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati kuhusu barabara ni kazi halali, lakini si sawa na kuleta mswada. Mwakilishi mwenye taarifa 40 na mswada 0 asiandikwe kwamba ameleta mambo 40. Na mswada uandikwe umefika wapi: kuchapishwa, kusomwa mara ya kwanza, kamati, mara ya pili, mara ya tatu, sahihi ya gavana ndani ya siku 14. Mingi hufia kwenye kamati, na huko ndiko tunakotaka kuona nani alikuwa mwenyekiti.

Hansadi zenyewe mnazipandisha mtandaoni kama picha zilizoskaniwa, nyingine zimekaa upande, nyingine zimekatwa herufi za mwisho za kila mstari. Haiwezekani kutafuta neno ndani yake. Nakala mliyochapa kwenye kompyuta kabla ya kuitoa na kuiskani mnayo; pandisheni hiyo. Pia majina yanatofautiana: karatasi ya kura ina jina moja, Hansadi ina jingine, na akiwa mwenyekiti wa kamati anaandikwa kwa cheo tu. Tiba ya hilo ipo. Kila wadi nchini ina namba ya IEBC ya tarakimu 4, kuanzia 0001 ya Port Reitz hadi 1450. Wekeni namba ya wadi mbele ya kila jina katika kila hati, na wateule wapewe alama yao. Kazi ya dakika chache kwa kila kikao.

Sheria iko upande wetu na unaijua kutuzidi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, inakupa siku 21 za kujibu, inakataza kutoza ada ya ombi lenyewe, na inaruhusu gharama ya kunakili peke yake. Kukataa kunapaswa kuwa na sababu za kisheria. Kumtuma mtu kwa mwakilishi wake si mojawapo, na jibu lako tumeliambatanisha kwenye malalamiko tunayoyapeleka kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa.

Tunahisi, ingawa hatuwezi kuthibitisha, kwamba kuna wanaokushinikiza kuzifungia karatasi hizi mpaka uchaguzi upite. Kama ni hivyo, pole. Lakini wanaoumia ni watu wa wadi ambao bajeti yao hupitishwa kila mwaka kabla ya Juni 30 bila wao kujua nani aliinua mkono. Zahanati inakosa dawa, barabara inakatika mvua ya kwanza, na kila anayeulizwa anasema alipiga kelele bungeni. Onyesha kelele hizo ziliandikwa ukurasa gani.

Kama huwezi kutoa yote kwa mkupuo, toa daftari la mahudhurio kwanza. Tangu kuapishwa kwa bunge hili mwaka 2022 hadi kikao cha juma hili, pamoja na ruhusa za Spika. Jedwali lenye safu zote tumeshalitengeneza na nakala yake iko mapokezi kwako: namba ya wadi, jina, tarehe, kikao cha asubuhi au alasiri, sahihi, kuwepo wakati wa kengele, ruhusa. Makarani wako wajaze tu. Tunaomba daftari la mahudhurio, Bwana Karani, na tunaliomba kabla ya makadirio ya bajeti kufika mezani Aprili 30.

Wako katika kufuatilia,
Wapiga kura wakusanyaji wa rekodi za wadi

Nakala: Spika wa Bunge la Kaunti, Msimamizi wa Uchaguzi, IEBC