Mwanangu, ule ubishi wenu wa nyimbo za James Bond

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye daladala sikuambulia kitu, ya pili nimekaa barazani na gitaa mapajani. Kwa hiyo hosteli nzima hamlali mnabishania wimbo upi wa muvi za James Bond, yule jasusi, ndio mkali, nusu wako na Adele, nusu wako na Billie Eilish, halafu eti baba amua wewe. Haya naamua, ila subiri kwanza tuanzie nyuma kidogo.

Chukua gitaa lako mama. Waya wa tano, bonyeza freti ya pili, ya tatu, ya nne, rudi ya tatu. Pole pole, huku waya wa sita umeuacha wazi unalia chini. Umesikia? Basi hizo ndizo James Bond mwenyewe, zinapanda kidogo zinashuka kama mtu anachungulia kona halafu anarudisha kichwa. Themu yenyewe ni ya Monty Norman, ilitoka na Dr. No mwaka 1962, John Barry ndiye aliyeipanga ikawa hivi tunavyoijua na gitaa akapiga Vic Flick, na tangu hapo watunzi waliokuja nyuma wanapenda kuchomeka hizo noti ndani ya nyimbo zao. Ndio maana Skyfall ya Adele ilipotoka 2012 mtu hata hajaambiwa anajua tu hii ya Bond. Kwa hiyo wa upande wa Adele wana hoja, na waambie wenzio kwamba huo ndio wimbo wa kwanza wa Bond kubeba Oscar, yaani miaka hamsini yote ile ya nyuma nyimbo zao zilikuwa zinatajwa tajwa tu halafu zinarudi mikono mitupu.

Billie naye msimuonee. No Time to Die ilitoka 2020 akiwa na miaka 18 tu, muvi ikakwama kwa ajili ya korona mpaka 2021, na mwaka uliofuata yeye na kaka yake Finneas wakaondoka na Oscar. Huyo rafiki yako anayesema binti ananong'ona tu hajafika mwisho wa wimbo, kuna mahali anaiachia sauti mpaka inakushika kifuani, halafu kinachomalizia ni kordi moja ya gitaa, ileile ya zamani ya Bond. Binti wa miaka 18 anajua adabu ya kazi kiasi hicho! Mimi nilimheshimu hapo hapo.

Lakini mwanangu huwezi kuongea habari hizi ukamruka Shirley Bassey. Mtoto wa Cardiff, Wales, baba yake Mnaijeria, ameimba nyimbo tatu za Bond na hakuna mwingine aliyefikisha hizo. Goldfinger, 1964, alikuwa anarekodi huku anaangalia majina yanapita kwenye skrini, ikabidi noti ya mwisho aishikilie mpaka majina yaishe, na majina hayaishi, na yeye haachii. Isikilize ile noti ukiwa umebana pumzi na wewe, utaachia kabla yake. Mwaka uliofuata akaja Tom Jones na Thunderball, Mwelshi mwenzake, naye mwenyewe amesimulia kwamba alifumba macho akaishikilia noti ya mwisho, alipofumbua akaona chumba kinazunguka. Hawa watu walikuwa wanaimba na mwili mzima. A View to a Kill ya Duran Duran nayo ni nzuri, 1985, mpaka leo ndio pekee ya Bond iliyofika namba moja Marekani, sisi tuliicheza sana.

Na msiishie kwa Bond. Mission: Impossible ya Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, ya tangu 1966 kwenye tivii, jaribu kuihesabu moja mbili tatu nne utapotea, kwa sababu inakwenda kwa tano. Gonga mezani ndefu, ndefu, fupi, fupi. Sisi tuliozoea dansi miguu inagoma mwanzoni lakini ukiishika haikutoki tena.

Sasa hukumu yangu. Sio Adele, sio Billie, ni Louis Armstrong, We Have All the Time in the World, ya mwaka 1969. Na wala haufungui muvi yake, On Her Majesty's Secret Service, mwanzo wanapiga ala tupu, wimbo unakuja katikati, Bond na Tracy wanapendana, baadaye wanaoana na siku hiyo hiyo ya harusi mwanamke anapigwa risasi, Bond amemkumbatia kwenye gari anasema hakuna haraka, tuna muda wote wa dunia. Armstrong alirekodi akiwa ametoka kuugua sana, tarumbeta lake halimo humo, ni sauti yake tu, na Julai 1971 akafariki. Mtu anaimba kwamba muda upo na yeye wake umebaki kidogo, na sauti haina haraka hata chembe. Hapo ndipo mimi ninapomuweka juu ya wote. Mama yako mambo ya majasusi hayajui na hataki kuyajua, lakini wimbo huu ukianza anaacha kuchagua mchele, mkono unabaki juu ya ungo mpaka uishe ndio anaendelea.

Nakutumia usiku huu. Usiusikilizie kwenye spika ya simu na makelele ya hosteli, vaa hedifoni. Halafu nirekodie hizo noti za waya wa tano unitumie, nataka nisikie kama freti ya nne bado inakukoromea.

Baba yako